Furu na Baraza la Kiboko

Kiboko alijenga tangi la kioo Capri Point, Mwanza, akamtia ndani Furu mmoja dume, wa ule ukoo wenye mgongo mwekundu ambao wataalamu, mwaka 1985, waliupa jina la Mwalimu Nyerere. Juu taa kali, chini patupu, kioo pande zote. Furu akajibanza nyuma ya pampu. Wekundu ukamtoka, akabaki kijivu. Kiboko aligonga kioo ili wageni wamwone. Furu akazidi kujikunyata. Likaitishwa baraza.

Sangara, mwenyekiti wa baraza, alisema kasoro ni malezi. "Mimi nililetwa ziwa hili miaka ya 1950, mgeni nisiye na ndugu, na sikumwonea yeyote haya." Mnandi akataka pampu nayo iondolewe, Furu azoee macho ya watu. Fisi-maji akajitolea kumfundisha ujasiri: somo la faragha, mlango umefungwa. Wakapiga makofi, wakagawana posho.

Kamongo, mzee aliyewahi kujizika topeni ukame ulipobana, akaomba neno. "Waheshimiwa, ninyi mnaomtaka atoke, nani kati yenu hajala ndugu zake? Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, furu wengi wa maji ya wazi walikuwa wametoweka aina kwa aina. Wa mawe wengi wakapona, kwa kuwa kichwa cha mwenyekiti hakiingii kwenye mwanya. Haya mnayoilaumu ndiyo iliyomfikisha hapa akiwa hai."

Nampenda Kamongo kwa kuyasema hayo mbele ya mwenyekiti.

Kamongo akaleta mawe ya ufukweni, akayapanga yaegemeane, kila pango na milango miwili, maana pango la mlango mmoja ni mtego. Taa ikapunguzwa, kioo cha nyuma kikafunikwa kitambaa cheusi, kugonga kukakatazwa. Juu wakaachiliwa ningu wachanga, kwani Furu huwatazama wenzake kwanza: wakiogelea bila wasiwasi, naye hujua adui hayupo. Siku za mwanzo alitoa mdomo tu, akadaka chakula, akarudi. Baadaye mgongo ukaiva tena, akaanza kuwafukuza ningu kwenye jiwe lake.

Baraza lilipokutana tena, Sangara alitoa hoja: kwa kuwa haya imekwisha, mawe yaondolewe.

Safari hii Kiboko alimgeukia Furu, akamuuliza yeye mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Mawe yabaki," Furu alisema, "na mwenyekiti abadilishwe."