Naomba Kamba Inayooza

Pale Chunya mjini kuna duka la vifaa vya ujenzi ambako sasa napita upande wa pili wa barabara. Niliingia nikaomba kamba inayooza. Muuzaji akanikazia macho kama nimeomba saruji isiyoshika. "Mzee, wenzako wote hapa wanatafuta isiyooza!"

Nilikuwa na sababu. Mizinga yangu minne ya nyuki niliitundika kwa waya kwenye miyombo, njia ya Makongolosi. Siku ya kurina nikakuta tawi limevimba kama mguu wenye matende, waya hauonekani, gome limeumeza. Na gome ndiyo njia ya chakula kinachotoka kwenye majani. Mimi ninayewakemea wachoma mkaa kumbe nanyonga miti kwa koleo langu mwenyewe.

Manila sikuitaka. Jua likiichoma inachambuka nyuzinyuzi, zinabaki porini miaka. Mifuko ya plastiki tuliiaga tarehe 1 Juni 2019, halafu leo niwapelekee nyuki plastiki?

Nikachukua katani, nikajiona mtu wa maana. Mvua za Novemba zikaja, mchwa nao wakapanda. Kufika Februari kamba ilikuwa imetimiza kila nilichoiomba: imeoza. Mzinga uko chini, umepasuliwa, masega yametapakaa, na harufu ya nyegere haihitaji maelezo.

Jirani yangu mzee, mwenye mizinga ya magogo tangu ujana wake, alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, hiyo ni ya kushonea magunia." Yeye huchuna gome la myombo, hulisokota likiwa bichi, kisha mzinga anauning'iniza kwa kulabu aliyoichonga kwenye panda ya mti mgumu. Hana msumari wala waya.

Nikaona nimempata. "Sasa babu, kuuokoa mti huu tunauchuna ule?"

"Nachuna tawi nililokwisha kulikata," akasema, bila hata kugeuka.

Hakunipa nafasi ya kubisha, na hilo ndilo lililoniuma kuliko nyegere.

Mizinga mitatu sasa iko kwenye kulabu, nimechonga mwenyewe, vidole viwili vina plasta. Katani imebaki nusu robota. Mwenye magunia ya kushona anione, bei tutaelewana.