Sifa za Kipanya Kilichogoma

Vitu vinavyofanya kazi vizuri vimesifiwa vya kutosha. Vina wauzaji, vina matangazo, vina wateja wa kuvipa nyota tano. Kilichokosa msemaji ni kipanya kilichogoma. Katika karne ya 2, Lucian wa Samosata alimwandikia nzi sifa nzima, na hakuna aliyemshangaa kwa muda mrefu. Lakini nzi ana upungufu mmoja: ukimpiga, huruka. Mshale ulioganda kwenye skrini ya Linux hauna papara hizo. Usugue tachipadi mpaka kidole kipate moto, uchomoe kipanya na kukichomeka tena, uite wazee wa ukoo. Mshale uko palepale, juu ya kitufe cha "Tuma", na barua haijaondoka.

Sifa yake ya kwanza ni uadilifu. Tachipadi ikigoma, mwenye laptopu hukimbilia droo, akatoa kipanya cha USB na kukichomeka akijiona mjanja. Nacho kikigoma, wengi hushika kichwa. Wanakosea. Hapo ndipo wanapokuwa wamepewa ushahidi wa bure ambao fundi angewatoza. Vifaa hivyo viwili huingia kwenye kompyuta kwa njia tofauti kabisa: tachipadi hupitia nyaya za ndani za PS/2 au I2C, kipanya hupitia USB. Vyote kuharibika saa ileile ni nadra sana. Basi kosa litafutwe pale njia zinapokutana, yaani kwenye kerneli (kiini cha mfumo), kwenye libinput inayotafsiri mienendo ya vidole, au kwenye programu inayochora madirisha. Kifaa kimoja kikigoma, kinaweza kuwa kimekufa tu. Vikigoma viwili, vinatoa anwani.

Watumiaji wa Arch, mojawapo ya matoleo ya Linux, wanaijua vizuri anwani mojawapo. Mtu anasasisha mfumo asubuhi, kerneli mpya inaandikwa diskini na folda ya moduli (draiva) za kerneli ya zamani inafutwa, lakini inayoendesha kompyuta bado ni ile ya zamani. Mchana anachomeka kipanya kwa mara ya kwanza tangu awashe mashine. Taa nyekundu chini ya kipanya inawaka, umeme upo, kila dalili ya uhai ipo. Ila kerneli ikienda kutafuta draiva inakuta folda imefutwa. Dawa ni kuzima na kuwasha. Kwenye Ubuntu, toleo jingine la Linux, kuna ndugu yake: kerneli mpya ikiingia bila kifurushi cha linux-modules-extra, draiva nyingi hubaki nje, na mwenye mashine anaweza kupoteza tachipadi, sauti na Wi-Fi kwa mkupuo mmoja.

Sifa ya pili ni kwamba humrudishia mtu mkono wake wa kushoto. Douglas Engelbart alipokionyesha kipanya hadharani San Francisco, tarehe 9 Desemba 1968, mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya kipanya na wa kushoto juu ya kifaa cha vitufe vitano, vilivyobonyezwa kadhaa kwa pamoja ili kuandika herufi. Dunia ikachukua kipanya, vitufe vitano ikavitupa. Tangu hapo wapo watu wenye shahada mbili ambao hawajui kufunga dirisha bila kulenga msalaba mdogo pembeni.

Kipanya kikigoma, watu hao husoma upya kuanzia chekechea. Ctrl+Alt+T hufungua teminali kwenye Ubuntu. Tab hupita kutoka kitufe hadi kitufe, Shift+F10 hufungua menyu ile ya kubofya kulia, Alt+F4 hufunga. Na Ctrl+Alt+F3 humpeleka mtu kwenye chumba cheusi cha maandishi matupu, ambacho wengi wamekaa na Linux miaka bila kujua kwamba nyumba yao inacho. Kikifunguka, habari ni njema: mashine iko hai, kilichoganda ni picha tu.

Ndani ya teminali ndiko kuna burudani yenyewe. Mtu huandika `sudo libinput debug-events` na kuweka kidole kwenye tachipadi. Ikiwa mistari yenye POINTER_MOTION inamwagika, mmoja baada ya mwingine kwa kila msogeo wa kidole, huku mshale kwenye skrini haujali, kesi imekwisha nusu: tachipadi haina hatia, kerneli haina hatia, libinput inasikia kila kitu. Mkosaji ni anayechora madirisha. Ikiwa hakuna mstari hata mmoja, uchunguzi unashuka chini, kwenye `dmesg`, ambako kerneli huandika malalamiko yake yote kwa uaminifu wa karani wa mahakama.

Huko chini, tachipadi iliyogoma huwa mwalimu wa historia. Malalamiko mojawapo maarufu husema `lost sync at byte 1`, na ili kuyaelewa ni lazima kurudi mwaka 1987, IBM ilipoleta kompyuta za PS/2 na tundu la duara la kipanya. Kwenye laptopu tundu limetoweka, itifaki imebaki. Tachipadi nyingi bado hujitambulisha kwa kerneli kama kipanya cha enzi hiyo, zikituma habari zao kwa vifungu: baiti 3 kwa kipanya cha kawaida, baiti 6 kwa tachipadi za Synaptics. Baiti moja ikipotea njiani, kerneli haijui tena kifungu kinaanzia wapi, na mshale unaruka kama mwehu au unaganda. Dawa ina mistari miwili: `sudo modprobe -r psmouse`, kisha `sudo modprobe psmouse`. Draiva inatolewa, inarudishwa, pande mbili zinasalimiana upya.

Kidude chekundu cha katikati ya kibodi za ThinkPad, kilichoanza kuuzwa mwaka 1992, nacho kina somo lake. Wenye nacho hujisifu kwamba wao tachipadi haiwahusu. Kwenye modeli nyingi habari za kidude hicho hupitia ndani ya tachipadi yenyewe, kwa hiyo moja ikishuka, nyingine inaifuata.

Tachipadi nyingi za sasa zimehamia I2C, njia iliyobuniwa na Philips mwaka 1982. Hapa panafichuka siri ambayo mashabiki wa Linux hawaitangazi. Kompyuta inapowaka, programu ya msingi iliyotoka kiwandani inaweza kuuliza mfumo: wewe ni Windows ya toleo hili? Na Linux, mfumo wa watu huru, hujibu kwamba ndiyo, ni Windows. Ikiulizwa kama ni Linux, hukana mchana kweupe. Si woga. Watengenezaji wengi hupima mashine zao kwa Windows peke yake, na baadhi ya vifaa, tachipadi zikiwemo, huwekwa kwenye hali ya kisasa au ya kizamani kulingana na jibu hilo. Bila kugoma kwa tachipadi, ni nani angewahi kujua kwamba uongo huo husemwa kila anapowasha kompyuta?

Unyenyekevu nao haukusahaulika. Baada ya kusoma kerneli, kuhariri GRUB (programu inayouwasha mfumo) na kulaumu mataifa, mchunguzi huinamisha macho na kuona, kwenye safu ya juu ya kibodi, kitufe chenye picha ndogo ya tachipadi iliyopigwa mstari. Alikibonyeza mwenyewe pamoja na Fn alipokuwa akipunguza sauti. Wapo pia waliowasha ule mpangilio unaozima tachipadi kila kipanya kinapochomekwa, wakasahau, kisha betri ya kipanya ikaisha.

Wapenda kubana umeme wana ugomvi wao wa pekee. Amri `powertop --auto-tune` huruhusu vifaa vya USB kulala vikikosa kazi, na muda wa kawaida wa kusubiri ni sekunde 2. Kipanya basi hulala wakati mtu anasoma aya moja. Akikisogeza hakiamki, akikibonyeza ndipo kinaamka. Ni kipanya kinachodai kugongewa mlango kabla ya kuingiwa, na kwa adabu hiyo tu kingestahili kutajwa hapa. Wasioipenda adabu hiyo hukiondoa kwenye orodha ya vinavyoruhusiwa kulala, na betri ya laptopu hulipia.

Mgomo mmoja haustahili sifa hata moja. Tachipadi ikiwa imeinuka kidogo, au imekuwa ngumu kubofya, au mfuniko wa laptopu haukai sawa, huenda betri iliyo chini yake imevimba. Hapo hakuna amri ya kuandika. Mashine izimwe, ichomolewe kwenye umeme, ipelekwe kwa fundi, na asiwepo wa kuikandamiza tachipadi irudi ndani.

Kwa migomo mingine yote, pale hata chumba cheusi kinapokataa kufunguka, imebaki ibada ya mwisho: kushikilia Alt na SysRq, kisha kubonyeza polepole R, E, I, S, U, B. Wakongwe huifundisha kwa sauti ya chini, kama uganga. Kila herufi ina kazi yake: R huinyang'anya programu ya madirisha kibodi, E huziomba programu zijifunge, I huziua, S huandika data diskini, U hufunga diski zisiandikwe tena, B huwasha upya. Kinachochekesha ni kwamba Ubuntu, kwa sababu za usalama, huja ikiwa imeweka namba 176 kwenye mpangilio wa kernel.sysrq, na kati ya herufi hizo namba hiyo inaruhusu S, U na B tu. Tatu za mwanzo hubonyezwa kwa heshima zote na hazifanyi chochote. Wanaozitaka zote sita huandika `kernel.sysrq=1` kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d, na faili hilo hukaa pale, ushahidi wa maandishi kwamba mwenye kompyuta anatarajia kugomewa tena.