Mjomba Pedi, Nimekwama

Kwa wageni wa safu hii: mimi si daktari, si shehe, wala si mshenga. Niliendesha kibanda cha gemu kwa miaka tisa. Nilikuwa na televisheni mbili za inchi 14, benchi moja la kuazima, na foleni ya watoto waliotumwa chumvi wakasahau njia ya kwao. Ushauri nilijifunza hapo, kwa kutazama watu wakikwama. Mtu akikwama kwenye levo, humtambui tena: mpole anatukana, mchoyo anaomba, na mjuaji anasingizia pedi. Barua za mwezi huu ndizo hizi.

*"Mjomba shikamoo. Mume wangu ni dereva wa bodaboda. Mwezi mzima sasa, akitoka kazini anawasha kompyuta na kuendesha pikipiki nyingine, kapakia bonge la mtu, wanafukuza treni. Juzi usiku alinipiga kiwiko usingizini huku akisema, 'Lenga, mzee, lenga!' Huyo anayempakia ni nani? Nianze kuwa na wasiwasi?" — Mke wa Boda, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Anayempakia ni Big Smoke, na wasiwasi uwe naye yeye, si mumeo. Gemu ni Grand Theft Auto: San Andreas la mwaka 2004, na misheni ni Wrong Side of the Tracks. Kijana CJ anaendesha, Smoke yuko nyuma na bunduki, na juu ya mabehewa wamesimama maadui wa genge la Vagos. Treni ikiwatoroka, Smoke anamgeukia CJ na kumlaumu kwamba alichotakiwa kufanya ni kuifuata treni tu. Lawama hiyo imekuwa utani wa dunia nzima, kwa sababu kila aliyecheza anajua nani hakulenga.

Kosa la mumeo ni la kikazi. Bodaboda amezoea kubana, kwa hiyo anaigandia treni ubavuni, na Smoke akiwa chini ya behewa anatoboa mabati. Mwambie ajitenge kidogo upande wa kulia, aende sambamba na wale jamaa, asiwapite wala asiachwe. Smoke akiliona paa, atapiga. Na habari za abiria anayeharibu mwenyewe kisha akamlaumu dereva, mumeo anazijua kuliko mimi.

*"Mjomba, mimi na kaka yangu hatujakaa sawa tangu tukiwa watoto. Tulikuwa tunacheza Contra wawili wawili. Kwenye maporomoko ya maji yeye aliruka juu haraka, kioo kikapanda naye, mimi nikafa mara tatu nikiwa nimesimama penye jiwe zima. Mwezi uliopita, kwenye arobaini ya baba, alisema mbele ya watu kwamba mimi nilikuwa mzito tangu zamani. Nifanyeje?" — Mdogo Mtu, Tanga*

Pole kwa msiba, na pole kwa maporomoko. Contra ya kaseti, iliyotoka mwaka 1988, ina steji nane, na kila mchezaji anaanza na roho tatu. Ya kwanza mnakwenda kulia. Ya pili mnaingia ndani ya ngome. Ya tatu mnakwea, na hapo ndipo ndugu hugawanyika, kwa sababu kioo humfuata aliye juu. Kikishapanda, jiwe ulilosimamia huhesabiwa halipo, na wewe pia. Hukuwa mzito. Ulikuwa wa pili kuzaliwa. Hata nyumbani ndivyo ilivyo: mkubwa anakwea, kioo kinamfuata.

Lakini kuna swali moja la kumuuliza kaka. Je, alijua siri? Juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Siri hiyo ilianza kwenye gemu la Gradius mwaka 1986. Mtengenezaji wake, Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami, aliiweka kwa sababu gemu lake mwenyewe lilikuwa linamshinda alipotaka kulijaribu. Kwenye Contra inakupa roho 30. Kama kaka aliijua akakunyima, hilo ni la baraza la ukoo. Kama hakuijua, alikufa naye kwingine, na wewe umesahau. Tafuteni ile kaseti iliyoandikwa michezo 9999, ambayo kwa kweli ni michache tu ikirudiwa majina, mkae mkekani. Safari hii wewe tangulia juu.

*"Shikamoo Mjomba. Nina gemu kwenye simu lenye picha kama sinema. Baba akiniona anacheka, anasema levo ya kwanza ya Mario ndiyo ilikuwa shule. Nimeitazama. Ni matofali na uyoga. Nimwambieje bila kumvunjia heshima?" — Kidato cha Pili, Morogoro*

Marahaba. Usimwambie kitu. Amekushinda, na nitakuonyesha alivyokushinda.

Mwaka 1985, Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka walikuwa na shida ambayo wenye gemu lako hawana. Hawakuwa na kidole cha kumulika kikikuelekeza ubonyeze wapi, wala msichana wa katuni wa kukukaribisha. Walikuwa na mtu aliyenunua Super Mario Bros., asiyejua lolote, na kijitabu cha maelekezo ambacho hangekisoma. (Kaseti zetu za mtaani hata hicho kijitabu hazikuwa nacho.) Ikabidi levo yenyewe ifundishe.

Sasa itazame tena, polepole. Mario amesimama kushoto na upande wa kulia ni uwazi mtupu. Unakwenda kulia, na hakuna aliyekutuma. Ukitaka kurudi, kioo hakirudi nyuma. Anakuja Goomba, amekunja uso kama mtu anayefuata deni. Akikugusa umekufa, lakini umepoteza sekunde chache tu. Unaanza tena, unaruka. Ukimwangukia kichwani, hilo ni somo lingine. Juu kuna boksi la alama ya kuuliza linametameta kama kioo juani. Unaligonga, inatoka sarafu. Unagonga la pili, unatoka uyoga.

Hapo ndipo baba yako anapotabasamu. Uyoga ule unafanana na Goomba, na Goomba ametoka kukuua sasa hivi, kwa hiyo unataka kuukimbia. Huwezi. Uyoga unateleza kulia, unadondoka, unagonga bomba la kijani, unageuka na kukurudia. Wewe uko chini ya matofali. Ukiruka unajigonga utosi na kurudi chini palepale. Uyoga unakupata. Na badala ya kufa, unakuwa mkubwa. Umejua uyoga ni rafiki, na hakuna mtu aliyefungua mdomo.

Kuna jambo jingine ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kuligundua, miaka mingi baada ya kufunga kibanda. Karibu na mwisho zipo ngazi mbili zinazotazamana, na katikati yake ni sakafu. Unaruka kutoka moja hadi nyingine. Ukikosa, unadondoka chini, huumii. Hatua chache mbele zipo ngazi mbili nyingine kama zile, ila katikati ni shimo. Mwalimu wangu wa darasa la tatu alianza na shimo.

Jioni mpe baba pedi. Muulize bomba la nne linakwenda wapi. Akiinama kuingia bila kufikiri, mnunulie soda.

*"Mjomba, nafunga mabomba huku Maskati mwaka wa 19 sasa. Mpwa wangu alinipa gemu lake la zamani la Zelda. Kuna hekalu lina maji ya kupanda na kushuka. Nimezunguka siku nne sioni njia. Kwa kazi yangu hii, naona aibu." — Fundi Bomba*

Aibu si yako, fundi. Hekalu la Maji la Ocarina of Time, mwaka 1998, limewatoa jasho watu waliozaliwa majini. Maji yana kina cha aina tatu. Ili uzame unavaa viatu vya chuma, ili uelee unavivua, na kila mara ni lazima usimamishe gemu na kufungua menyu, kama mtu anayevua viatu msikitini mara mia kwa siku. Eiji Aonuma, mmoja wa waliolisanifu, ameomba radhi. Gemu lilipotengenezwa upya mwaka 2011 kwa mashine ya mkononi ya 3DS, viatu vilivalika kwa mguso mmoja, na kuta zikachorwa mistari ya rangi kuonyesha pa kubadilishia maji. Yaani mwenye nyumba alirudi baada ya miaka 13 na ramani ya mabomba. Njia unayoitafuta iko sakafuni mwa mnara wa katikati: pandisha maji yafike kina cha kati, boksi litaelea, na chini yake pana tundu.

*"Ndugu Mjomba, kwetu mkwe na mama mkwe hata mkono hatupeani. Saa saba usiku simu ililia. Ujumbe: mama mkwe anaomba maisha. Nilivaa suruali nikiwa nakimbia. Mke wangu ndiye aliyenizuia mlangoni akaniambia ni Candy Crush. Sasa nimtumie au ni utovu wa adabu?" — Mkwe Mwoga, Moshi*

Mtumie, ndugu yangu, na mtumie upesi. Candy Crush Saga, tangu ilipoanza mwaka 2012, inampa mchezaji maisha matano, na moja likipotea hurudi baada ya nusu saa. Ukimtumia mtu maisha, yako hayapungui. Sijui mahari gani nyingine yenye masharti rahisi hivyo. Ukisikia yuko levo ya 65, basi mhurumie kabisa. Hiyo ilikuwa na sifa mbaya enzi zake. Watu wazima waliigandia kwa wiki, kwa sababu pale akili ni nusu, na nusu nyingine ni peremende gani itadondoka. Baadaye wenyewe waliilegeza. Mama aliyeivuka zamani, kabla haijalegezwa, anastahili kusimuliwa. Ila kuhusu muda wa saa saba usiku, hilo binti yake ndiye amwambie, si wewe.

*"Anti aliyekuwepo safu hii zamani angenielewa. Mchumba wangu anasema ataleta barua ya posa akimaliza Tetris. Nina miaka 31." — Nangoja, Kisumu*

Anti alistaafu, lakini hasira nimeirithi. Binti yangu, Tetris ya kaseti ilitoka mwaka 1989. Vipande vinazidi kasi levo hadi levo, na kwenye ya 29 vinadondoka haraka kiasi kwamba ukikandamiza kitufe havifiki hata ukingoni. Kwa miaka mingi watu waliamini huo ndio mwisho. Kisha vijana wakabuni namna ya kuigonga pedi kwa nyuma, kidole baada ya kidole kama mpiga tarumbeta, na ukuta ukavunjika kabisa. Desemba 2023 mvulana wa Kimarekani wa miaka 13 aliifikisha levo ya 157, gemu likaganda. Ndiye binadamu wa kwanza kufika hapo. Hesabu mwenyewe: miaka 34.

Nawe usifurahi mapema. Oktoba 2024 mchezaji mwingine alitumia toleo lililorekebishwa lisigande, akapita ya 255, na kaunta ikarudi sifuri, kwa kuwa kaunta ile haiwezi kuhesabu zaidi ya hapo. Mchumba wako akilijua hili, atasema anaanza upya. Barua ya posa ina ukurasa mmoja. Mpe kalamu na siku saba.

*"Mjomba Pedi, sina shida, nina madai. Ulikuwa na kibanda karibu na stendi ya zamani. Nilikulipa shilingi 50 nikacheza Battletoads. Nilipovuka handaki tu, umeme ukakatika. Ulisema ni bahati yangu mbaya. Nataka hela yangu, na riba." — Mdai*

Kwa hiyo uko hai.

Acha niwaeleze wenzako wajue. Battletoads ni ya mwaka 1991, na levo yake ya tatu, Turbo Tunnel, ndiyo iliyonilipia pango. Chura anapanda chombo kinachoelea, kuta zinakuja mbele yake, moja juu, moja chini, taratibu kwanza, kisha kasi inapanda hadi jicho linaona ukuta baada ya kichwa kuugonga. Watoto walilipa, wakafika pale, wakafa, wakalipa tena. Katika miaka yote tisa, ukiacha wewe, sikuwahi kumwona mtu anatokea upande wa pili. Mimi mwenyewe sikuwahi.

Siku ile ulikuwa umetumwa mafuta ya taa. Chupa ilikuwa katikati ya miguu yako. Kwenye ule mwisho wa kasi, aliyekuwa akidai zamu yake alinyamaza. Muuza karanga aliingiza kichwa dirishani na sinia lake. Hukuwa unatazama kuta tena, ulikuwa unazisikiliza, tik, tik, juu, chini, na sote nyuma yako tulikuwa tunainama pamoja nawe. Kisha kuta zikaisha. Kioo kikawa cheusi, kikafunguka, na mtu mmoja nyuma akasema, "Ni barafu." Ndipo umeme ulipokwenda.

Nimeona levo nyingi tangu hapo, zenye mvua inayolowesha koti na nyuso zinazotoa jasho. Ukiniuliza ninayoipenda, ni hiyo ya nne ya Battletoads, ambayo nimeiona kwa muda wa kupepesa jicho.

Hamsini sirudishi. Mashine ninayo, kaseti ninayo, na nimenunua jenereta. Njoo Jumamosi baada ya saa kumi. Muuza karanga nimeshamwambia.