Kafika au Kafiwa?

Ntch! Juzi jioni, kahawa haijapoa, kijana mmoja kakaa hapa kwenye benchi letu la Temeke anatutambia: "Babu yangu siyo kiziwi bwana, anajifanya tu. Muite aje kula, kimya. Taja hela hata kwa kunong'ona, huyo, kageuka!" Watu wakacheka mpaka mmoja akamwaga kikombe. Mimi nikasonya. Siyo kwamba nina adabu kuliko wenzangu. Kwetu sisi tuliwahi kumlilia mtu aliye hai, mikeka imetandikwa na rambirambi imechangwa, kwa ajili ya sikio la mzee.

Ilikuwa hivi. Shangazi yangu alikuwa kaja kututembelea, akapata habari kwamba mumewe kashikwa na homa, alfajiri akadandia basi kurudi Muheza. Saa tisa alasiri mtoto wake akampigia babu simu. Sasa babu yetu simu haiweki sikioni. Anaishika mbele ya mdomo kama andazi la moto, kisha anapaza sauti: "Nasikia! Nasikia!" Ukimwona mzee anasema nasikia mara mbili, jua hasikii. Nje bodaboda zinapita, jikoni redio inaimba taarabu. Babu akasikiliza, akanyamaza, akakata simu. Akavua kofia.

"Shangazi yenu kafiwa."

Kafiwa na nani? Nani tena, kama siyo yule mwenye homa! Hakuna aliyejiuliza inakuwaje mtoto afiwe na baba yake mzazi, halafu apige simu kusema mama kafiwa, kana kwamba yeye ni jirani tu. Kilio kikaanza chumbani, kikatoka uani, kikavuka ukuta. Nusu saa haijaisha majirani wamejaa, mtu kashatumwa kuulizia bei ya turubai, na daftari la rambirambi limefunguliwa: 2,000 huyu, 5,000 yule, mpaka zikafika 47,000. Aliyelia kuliko wote ni mjomba mmoja ambaye "marehemu" alikuwa anamdai hela ya pikipiki. Katikati ya kwikwi akapata pumzi ya kutukumbusha kwamba marehemu alikuwa mtu wa kusamehe sana.

Mtasema kwa nini hatukumpigia shangazi. Wewe utampigiaje mfiwa umuulize, "Samahani, eti umefiwa?" Tukapiga simu ya mumewe, tukijua lazima atakuwepo mtu anayeishika. Ikaita, ikaita, haikupokelewa. Ule ukimya ndio ukawa ushahidi. Kumbe mwenyewe homa imeshamwachia, kaiacha simu kwenye chaji, kaenda kuangalia michungwa yake.

Kabla ya Magharibi simu ya baba mdogo ikalia. Akaangalia kioo: Shemeji Muheza. Akaitupa mkekani kama kashika nyoka. Bibi mmoja wa jirani akaanza kusoma dua kwa sauti. Alipopatikana shujaa wa kuipokea, tukaisikia sauti tunayoijua, yenye afya tele: "Jamani, mmenipigia mara 11, huko kuna msiba?"

Mtoto wa shangazi alikuwa kasema, "Babu, mama kafika." Basi. Kafika.

Mnacheka. Chekeni, hata babu alicheka, ingawa siku hiyo hakula. Lakini nilikuja kumuuliza mtu wa hospitali anayeshughulika na masikio, akanieleza jambo ambalo tangu hapo sijaweza kuliacha. Sikio la ndani, alisema, limejikunja kama gamba la konokono, na humo mna vinyweleo vidogo vidogo vya kupokea sauti. Vile vinavyopokea sauti kali, nyembamba, viko mlangoni kabisa, na ndivyo vinavyochakaa kwanza. Vikifa havioti tena. Sasa tazama maneno yetu. F, s, t, k, sh: hizo zote ni sauti nyembamba, hafifu, zinapita kama upepo. Irabu ndizo zenye kifua. Kwa hiyo mzee wako sauti anaisikia vizuri tu, anachokikosa ni neno. Anapokea a-i-a, halafu akili yake inajaza yenyewe zilizobaki. Kafika ni a-i-a. Kafiwa ni a-i-a. Kapika, kapita, kalipa, vilevile. Na Kiswahili chetu hiki, kila silabi inataka kumalizikia kwenye irabu, basi mzee anabaki na wimbo usio na maneno.

Na akili inajaza na nini? Na kile kilichomo moyoni. Babu siku ile alikuwa na homa ya mkwewe kichwani tangu alfajiri. Mzee mwenye nyumba za kupangisha, mwambie "mpangaji kapita," atasikia "kalipa," na ataanza kumsifu. Ndiyo maana pia babu wa yule kijana anadaka neno hela. Hajifanyi. Hela ni neno analolitarajia saa zote, akipewa robo yake analimalizia mwenyewe. Nani hapa kijiweni halitarajii?

Tatizo letu sisi wenye masikio ni kwamba dawa tunayoijua ni moja: kupiga kelele. Mzee hakusikia "kafika," basi unamtwanga: "KAFIIIKA!" Umeongeza nini? Umeirefusha i, ambayo alikuwa nayo tangu mwanzo. Ile k imebaki palepale. Halafu mzee anakunja uso: "Mbona unanifokea?" Hapo unaona kakugeuka, dakika moja iliyopita si ndiye aliyesema "sema kwa sauti"? Lakini sikio lililochakaa ndivyo lilivyo. Sauti ndogo hailifikii, na ukiongeza kidogo tu inamlipukia. Katikati pamebaki uchochoro mwembamba. Unaupata kwa kuzima redio, kukaa mbele yake akuone midomo, na kusema polepole. Akikosa neno, badilisha neno. Usiseme kafika mara sita, sema "yuko nyumbani kwake, anakunywa chai."

Hili la sauti nyembamba limevunja nyumba, nawaambia. Sauti ya mwanamume ni nzito, mzee anaipata. Sauti ya mwanamke na ya mtoto iko juu zaidi, upande ule uliochakaa. Sasa mkamwana anamwamkia mama mkwe asubuhi, "Shikamoo mama," kimya. Kijana mwenye nyumba anatokea, "Shikamoo mama," "Marahabaa mwanangu, umeamkaje?" Wewe mkamwana utafikiri nini? Utafikiri umerogewa chuki. Namjua mmoja alikaa miaka miwili akiamini mama mkwe hampendi, akawasimulia mpaka wauza mchicha. Kumbe mama wa watu naye alikuwa akiwalalamikia mashoga zake: "Huyu binti aliyeolewa na mwanangu ni mzuri, ila hajafundwa, hana shikamoo."

Mh.

Na kuna hili la "sawa." Mtu akichoka kusema "eeh? umesemaje?" mara arobaini kwa siku, anahamia kwenye sawa. Sawa haimuudhi mtu. Bibi mmoja hapa nyuma ya msikiti alikuwa anaulizwa na bintiye kila jioni, "Mama, umekunywa dawa?" naye anajibu, "Sawa." Dawa, sawa, a-a kwa a-a. Mwezi mzima binti anauliza, mwezi mzima bibi anakubali. Siku ya kliniki presha imepanda, daktari kaongeza dozi ya vidonge ambavyo bibi hajavigusa. Vimekutwa vyote kwenye kopo la kitunguu saumu. Mjukuu wake, mjanja yule, alishagundua siri kitambo. Alimwinamia upande wa sikio bovu akasema maneno mengi ambayo ndani yake mlikuwa na mbuzi, bei na mnunuzi. "Sawa, mjukuu wangu." Asubuhi kamba ipo, mbuzi hayupo, na mashahidi wapo watatu kwamba bibi aliridhia.

Wengine ubovu wameupata kazini. Yule mzee wa drafti, mnayemsema kwamba anapokuwa anashindwa hasikii "nimekula kete," alisimama miaka thelathini kwenye mashine ya kusaga nafaka, pamba hana, kizibo hana. Wanasema kelele ya desibeli 85 mtu asikae nayo zaidi ya saa 8, na kila ikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Nani aliwahi kumwambia? Wengine ni sindano za streptomaisini za kifua kikuu enzi zile. Waliowahi kumezeshwa kwinini wanazijua zile kengele za masikioni. Zenyewe huwa zinapita, za streptomaisini zimewaacha watu kimya moja kwa moja. Na wengine, astaghafirullah, wamejiharibia hapahapa kijiweni. Nawaona mnavyojikuna kwa njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku, ufunguo wa pikipiki! Mnaipeleka nta ndani mnaishindilia, halafu mnasema mzee kazeeka. Wapo ambao wakipelekwa tu zahanati sikio likasafishwa wanarudi wanalalamika kwamba mtaa una kelele.

Shirika la Afya Duniani linasema waliovuka miaka 60, zaidi ya robo yao wana tatizo la kusikia lenye kuwasumbua kweli. Hesabuni wazee pale kwenye drafti, kisha mnitafutie wa kwenu. Tarehe 3 Machi kila mwaka imewekwa kuwa siku ya masikio duniani, eti kwa sababu 3 na 3 ukiziandika zinafanana na masikio mawili. Hapa ilipita, hakuna aliyepiga hata kofi.

Kinachonikera mimi ni huu unafiki wetu. Mzee akivaa miwani tunamwita msomi, tunampisha kiti. Akivaa mashine ya sikio tunamtazama kama redio iliyoharibika. Mwenyewe naye anaona haya. Babu alipata moja, alitumiwa na mwanawe aliye Muskat. Aliivaa siku mbili, akaifunga kwenye leso, akaificha kabatini bila kuizima. Ikaanza kupiga mluzi huko ndani. Wiki nzima tulimsaka nyenje chumba kizima, tukahamisha kitanda, tukapuliza dawa. Aliyekuwa hausikii mluzi huo ni mmoja tu.

Tulimbembeleza akairudisha sikioni, safari hii mtu akakaa naye, akamzoesha kidogo kidogo, leo saa moja, kesho mbili, maana ubongo uliozoea kimya ukimwagiwa sauti zote kwa mpigo unakimbia. Siku ya tatu au ya nne katoka uani, kasimama chini ya mwarobaini, katuuliza ndege hawa wamehamia lini. Wapo miaka yote. Hakuna aliyemjibu haraka.

Kwa hiyo wewe kijana wa juzi, kesho usije hapa kunywa kahawa. Mchukue babu yako, mpeleke wamchungulie nta kwanza, wakimaliza wampime. Nauli ukikosa, tutakuchangia.

Na kwa kuchanga, nakumbuka: zile 47,000 za rambirambi, "marehemu" hakufa, na hela hazijarudi mpaka leo. Aliyekuwa ameshika daftari anakunywa kahawa hapahapa, kikombe cha tatu hiki. Masikio yake ni mazima, nimemkagua.