Mwongozo wa Mheshimiwa Mpya: Kesi Mkononi, Mikono Safi

Hongera, Mheshimiwa. Mkeka wa wakuu wa wilaya umetoka na jina lako limo. Una ofisi, una dereva, na Kibo ya Kilimanjaro unaiona dirishani wingu likiondoka. Unao wabaya wako pia, lakini hao wasikunyime usingizi. Agiza mtori, nikuelekeze.

1. Soma Katiba. Ndiyo, wewe. Ibara ya 59B inasema Mkurugenzi wa Mashtaka, yaani DPP, awe huru na asiingiliwe na mtu wala mamlaka yoyote. Ikariri, maana waandishi wa habari watakuuliza. Ibara hiyohiyo inasema anayemteua ni Rais. Nawe umeteuliwa na nani? Basi ninyi ni ndugu wa mkeka mmoja, na ndugu hawaingiliani. Wanajuliana hali tu.

2. Usipige simu. Usiandike kimemo. Vimemo ni ushamba, na siku hizi hupigwa picha. Subiri msiba. Moshi hakukosi msiba Jumamosi, na wakili wa serikali kutoka ofisi ya DPP atakuwepo, sahani mkononi, kwenye foleni ya chakula. Msogelee, sifia ndizi, kisha uliza, "Ile ya yule jamaa wa Kibosho imefikia wapi?" Ukishauliza, rudi kwenye kiti chako. Yeye anajua nchi hii ni kubwa na vituo vingine vya kazi viko mbali sana na lami. Anajua pia kwamba ngazi ya ofisi yao inapanda. Mei 2021 Biswalo Mganga alitoka kwenye u-DPP akawa Jaji wa Mahakama Kuu. Kenya nako, mwaka 2023, Noordin Haji alitoka kwenye kiti kama hicho akaenda kuongoza Idara ya Ujasusi. Simdhanii mtu vibaya. Nakuonesha ngazi tu.

3. Ukiwa na haraka, zipo saa 48. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inamruhusu mkuu wa wilaya kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda huo. Sheria inataka sababu iandikwe. Andika "uvunjifu wa amani". Agizo litoe Ijumaa jioni, mawakili wakiwa tayari wamepanda Marangu kwa wazazi.

4. Hapa ndipo wageni wa kazi hii hukosea: wanataka kushinda kesi. Ya nini? Hukumu ina rufaa, na rufaa ina majaji wasiokujua. Kinachouma ni kesi isiyokwisha. Kwa hiyo mtu asibambikiwe wizi wa kuku, kosa lenye dhamana. Neno la kulitamani kwenye hati ya mashtaka ni utakatishaji fedha. Hilo halina dhamana, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilisema kifungu kinachozuia dhamana hiyo hakivunji Katiba. Baada ya hapo sentensi ni moja: "Mheshimiwa hakimu, upelelezi haujakamilika." Kesi inapigwa kalenda, mshtakiwa anarudishwa gereza la Karanga, tarehe nyingine inapangwa. Gari la magereza linapopita, mkewe yuko pembeni na hotpoti ya ndizi iliyokwisha kupoa. Duka la mjini limefungwa, kahawa ya kihambani inaivia mtini. Wewe hujamgusa mtu.

5. Mwache aombe mwenyewe. Wazee wa Kichagga waliokosana walimalizana kwa jani la sale, na aliyeletewa sale hakukataa msamaha. Serikali ina sale lake tangu 2019, sheria ilipoleta makubaliano ya kukiri kosa. Septemba mwaka huo Rais Magufuli alitoa siku saba kwa watuhumiwa wa uhujumu uchumi, na DPP akarudi na hesabu: watu 467 tayari kurejesha shilingi bilioni 107.8. Wangapi kati yao walikuwa na hatia kweli? Swali zuri, usiliulize. Mtu aliyekaa mwaka mzima rumande atakiri hata kuuhamisha mlima.

6. Upepo ukigeuka, futa. DPP anaweza kuiondoa kesi wakati wowote kabla ya hukumu, na halazimiki kutoa sababu. Wa Taveta, hapo ng'ambo ya mpaka wa Kenya, wamejitia taabu: Katiba yao ya 2010 inamtaka DPP aombe kwanza ruhusa ya mahakama. Sisi hatuna usumbufu huo. Freeman Mbowe wa Machame, mwanasiasa wa upinzani, alikamatwa Julai 2021, akashtakiwa kwa ugaidi. Februari 18, 2022 Mahakama Kuu ikasema ana kesi ya kujibu. Machi 4 DPP akasema hana nia ya kuendelea, na siku hiyohiyo Mbowe akaonekana Ikulu na Rais Samia. Majuma mawili tu, na ushahidi ulikuwa uleule.

7. Sasa dokezo dogo, maliza mtori kwanza. Katika kesi hiyo ya Mbowe ilidaiwa kwamba mmoja wa waliopangiwa kudhuriwa ni Lengai Ole Sabaya, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Hai tangu 2018. Mashahidi walipokuwa wakiyaeleza hayo mahakamani, Sabaya mwenyewe alikuwa gerezani. Rais Samia alimsimamisha kazi Mei 2021, na Oktoba Mahakama ya Arusha ikampa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Mei 2022 Mahakama Kuu ikamwachia. Shauri lake la hapa Moshi likaisha Aprili 2023, kwa njia gani? Makubaliano na DPP, fidia ya shilingi milioni 5, akaenda nyumbani. Chombo ni kilekile cha hatua ya tano.

Maana yake, Mheshimiwa, mikeka bado inatoka, tena usiku. Wakati dereva bado ni wako, mtume Karanga akaulize siku za kupeleka chakula cha mahabusu, na kama mtori unaruhusiwa. Wakimuuliza ni wa nani, ajibu upelelezi haujakamilika.