Tundu la Rafadha

Katika viumbe na vyombo vyote vinavyotembea majini, sidhani kama kuna kilicho kilafi kuliko rafadha ya boti ndogo. Kwani papa, pamoja na sifa zake zote mbaya, hushiba akaenda zake, ilhali rafadha haishibi, haichagui, wala haitemi. Ya kwangu, inayozungushwa na mashine ya nguvu za farasi 5 baina ya Chwaka na Michamvi, imekwisha kula kamba za manila, vipande vya jarife, gunia la mkaa, mfuko wa saruji, na upande mmoja wa kanga ambao maandishi yake, tulipoukunjua, yalikuwa bado yanasomeka, wala hayakuwa maneno ya kumliwaza mtu aliyekwama baharini.

Wasiokuwa na boti hudhani kwamba dhara ya kamba ni kuzima mashine tu. Laiti ingekuwa hivyo! Kamba nene ni adui muungwana: hujizungusha, mashine huguna na kuzimika, nawe ukaiinua ukajua pa kuanzia. Wa kuogopwa ni mshipi mwembamba wa nailoni, ule ambao mvuvi ameukata kwa hasira baada ya kunasa mwambani akauacha uelee. Huo hupenya kimya nyuma ya rafadha, hujisokota katika mhimili, kisha taratibu huikata sili inayozuia mafuta ya gia yasitoke na maji ya chumvi yasiingie. Safari huendelea, abiria wakazungumza, nahodha akapiga mluzi; hata siku ya kubadilisha mafuta, fundi anapofungua parafujo ya chini, hutiririka kitu cheupe kama chai ya maziwa, naye hukitazama kwa huzuni ya tabibu na furaha ya mfanyabiashara.

Fundi wangu, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa bado namhitaji, ni mtu wa elimu nyingi na subira kidogo. Waliounda mashine hizi ndogo walitia katika mhimili pini laini, makusudi ivunjike pale rafadha inapogonga jiwe au kunaswa, ili gia zisalimike. Hekima hiyo haikumpendeza. Aliona ni fedheha chuma kuumbwa ili kivunjike, akaitoa pini, akatia mahali pake kipande cha msumari mnene, akaapa kwamba huo hautavunjika maisha. Naye alisema kweli, kwani tulipokumbana na gogo la mkoko penye maji haba, msumari haukuvunjika. Kilichovunjika ni meno ya gia.

Insafu yataka niseme kwamba hata tarehe ya rafadha yenyewe ina bahati nyingi kuliko hesabu. Francis Pettit Smith, mkulima wa Uingereza aliyepata hataza ya rafadha mwaka 1836, aliijaribu boti yake katika mfereji wa Paddington, London, ikiwa na parafujo ndefu ya mti yenye mizunguko miwili. Ikagonga kitu majini, nusu ya parafujo ikakatika, na boti, badala ya kusimama, ikazidi mwendo, ndipo akatambua kuwa fupi ni bora. Nami siku jani moja la rafadha yangu lilipomeguka mwambani nilikaa tezini kwa utulivu, nikingojea kasi izidi kwa kadiri ile ile. Kilichozidi ni mtetemeko, hata mzee mmoja miongoni mwa abiria akaona ni busara ayatoe meno yake ya bandia ayatie mfukoni.

Baada ya hayo fundi akaleta tundu. Lilikuwa la nondo za milimita 6, zimechomelewa mviringo kuizunguka rafadha yote, zikapakwa rangi ya kijani kwa sababu ndiyo iliyobaki dukani. Kamba nene, kwa haki, haikuingia. Lakini majani ya bahari, ambayo zamani yalikatwakatwa na kupita, sasa yaliingia kwa mbele yasipate njia ya kutokea, na mwendo wetu ukapungua hata tukapitwa na ngalawa yenye tanga lililoraruka, ambayo nahodha wake alituuliza kwa upole kama tungependa kuvutwa. Kwa rai yangu, mlinzi wa rafadha ni kijana aliyeketi omo na pondo mkononi, ajuaye kupambanua kivuli cha jiwe na kivuli cha kamba. Ila kijana hula, na tundu halili, ndiyo maana watu hununua matundu.

Sasa, tangu kilimo cha mwani kiliposhika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kina mama wamepiga vigingi vyao mchangani na kutandaza kamba baina yake, kila fungu la mwani likining'inia kwa taitai yake. Maji yakipwa, shamba lote huonekana; yakijaa hufichika, na boti haina wakati wa kupita ila hapo. Alasiri moja maji yalipoanza kurudi, mkondo ukatusogeza juu ya shamba, kamba ikapenya baina ya nondo mbili kwa ustadi wa ajabu, mashine ikanyamaza. Niliiinua, nikainama kichwa chini na kisu mkononi, ndipo nikaona mwenye shamba anatujia, maji kiunoni.

"Shikamoo, bi mkubwa," nikasema nilipo.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Watu wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi."

"Na kisu hicho cha nini?"

Nikamweleza. Akasikiliza hata nikamaliza, kisha akasema, "Kata mkono wako. Kamba yangu iache."

Basi tukalifungua tundu, tukaitoa mashine katika gia, nikawa naizungusha rafadha kinyume kwa vidole, naye akivuta ncha na kutaja kwa sauti kila taitai iliyokatika, kama karani wa mirathi. Boti ikakaa mchangani, abiria wakatelemka, wakashika njia ya Michamvi kwa miguu, viatu mikononi. Nilipouliza fidia, alilitazama tundu lililolala kando, akalipindua, akalipima kwa shibiri.

"Hili litanifaa," akasema. "Nina kuku mwenye vifaranga, na kunguru wananimalizia."

Fundi alipopata habari alikwenda mwenyewe kushuhudia, nami nikadhani atarudi amenuna. Akarudi anacheka: kunguru wameshindwa, na bi mkubwa ameagiza tundu la pili, kubwa zaidi, la bata.