Mvua Imenyesha Shelui

Ikifika Novemba, Misigiri haibaki na mtu asiye mtaalamu wa hali ya hewa. Kijana wa bodaboda anasoma upepo. Mama lishe anasoma moshi wa jiko lake. Fundi cherehani ana goti lililowahi kuvunjika, nalo, kwa maelezo yake, humuuma siku mbili kabla ya mvua. Wazee wanaangalia siafu wanaelekea wapi. Mimi nafundisha jiografia, kwa hiyo mawingu nayataja kwa majina ya kitabuni, na hilo ndilo linaloniponza. Goti la fundi likikosea, inasingiziwa baridi. Mvua ikinikwepa mimi, utasikia: "Mwalimu, kwani chuo ulisoma au ulipita?"

Sina ugomvi na anayetaka mvua kwa ajili ya shamba. Hata mimi nina kishamba cha alizeti. Lakini tupo wachache pale njia panda ya Kiomboi tunaoitaka kwa sababu nyingine, ambayo hatuisemi hovyo mbele ya watu wazima: tunapenda radi. Tunalitaka lile wingu jeusi linalopanda mpaka kichwa chake kinatandaa juu. Tunataka umeme upasue anga na ngurumo itikise bati hadi misumari ijutie kazi yake. Manyunyu ya asubuhi hatuyakatai, ila hayatutoi kitandani.

Njaa hii ina chanzo. Singida tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima sehemu kubwa ya mkoa hupata milimita 500 hadi 800. Mei ikishapita, mlango umefungwa. Juni hadi Oktoba ni upepo na vumbi: vumbi kwenye chai, vumbi kwenye madaftari ya wanafunzi, vumbi kwenye shati ulilofua asubuhi hiyo hiyo. Mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linatupita utosini likielekea kusini, na ukanda wa mvua unalifuata kwa mwendo wa mtu aliyelipwa nusu. Huo ndio muda wa mateso. Joto limeshafika, mawingu yanajaa kila alasiri, na usiku, upande wa bonde la Wembere, umeme unawaka bila sauti.

Hapo ndipo tunapoanza kuhesabu. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Kwa hiyo ukiuona umeme, hesabu mpaka usikie ngurumo, gawanya kwa tatu, utajua radi iko kilomita ngapi. Watoto wa mtaani kwetu wanaijua hesabu hii kuliko wanavyoijua saba mara nane. Tatizo ni kwamba ngurumo haifiki mbali. Kilomita ishirini hivi imeshakufa njiani, ilhali umeme wa usiku unaweza kuonekana hata ukiwa zaidi ya kilomita mia. Basi tunahesabu, tunahesabu, hadi mama lishe anauliza kama tunajumlisha deni lake.

Kisha redio inaleta utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa haina maneno mengi na sisi: Singida, mawingu kiasi, mvua na ngurumo katika maeneo machache, na vipindi vya jua. Utabiri huo umeshatugombanisha sana barazani. Kijana wa bodaboda anaamini ni ujanja wa kutokosea kamwe. Nimemweleza, na sitachoka kumweleza, kwamba mambo ndivyo yalivyo. Mkoa huu una zaidi ya kilomita za mraba 49,000, karibu mara mbili ya Rwanda yote, nchi wanakopeleka mizigo wale madereva wa malori wanaokunywa chai hapa njia panda. Wingu moja la radi linaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu, na uhai wake mara nyingi hauzidi saa moja. Linaweza kuzaliwa Iguguno, likanyesha Iguguno, likazikwa Iguguno, na mtabiri akawa amesema kweli tupu huku sisi tukikung'uta vumbi viatuni.

"Sawa, mwalimu," akasema. "Lakini hayo maeneo machache mbona kila siku ni ya wenzetu?"

Nilikuwa najiandaa kumjibu, likaingia basi la kutoka Mwanza. Lilikuwa limelowa chepechepe. Maji bado yalichuruzika kwenye vioo, tope jeusi la mbugani limejaa kwenye mataili, na kondakta amevaa mfuko wa plastiki kichwani. Misigiri jua lilikuwa linachoma. Abiria mmoja akafungua dirisha anunue mayai ya kuchemsha, akaitazama ardhi yetu iliyopauka, akauliza kwa huruma ile inayouma kuliko tusi: "Kwani huku hamjapata?"

Muuza mayai hakumtazama. "Yai mia tano," akasema.

Mvua imenyesha Shelui. Hiyo ndiyo habari yetu ya Novemba. Shelui ipo chini ya mlima Sekenke, sisi tupo juu. Wingu linatokea upande wa Mkalama, linapita vichwani mwetu na mzigo wake, linateremka Sekenke na kuushusha huko. Kijana wa bodaboda ana maelezo yake: mawingu nayo hupenda mteremko, yanabana mafuta.

Wapo wenye shida ya kinyume. Mwaka 2016 watafiti waliochambua kumbukumbu za setilaiti walipanga sehemu zinazopata umeme mwingi zaidi duniani. Ya kwanza ilikuwa ziwa Maracaibo la Venezuela. Ya pili ni jirani zetu wa Kabare, mashariki mwa Kongo, wenye wastani wa umeme 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Nilipowasomea wenzangu takwimu hizo, fundi cherehani alinyamaza kidogo, akasema labda Mungu agawe upya.

Siku moja wingu likaja kweli. Lilikuwa jeusi, lina kichwa, lina kila kitu. Nilikuwa nimeshafunga gata mpya kwenye ukingo wa bati, chini yake nimepanga ndoo, mabeseni na pipa, yote yakiwa wazi kusubiri baraka. Jirani yangu akaegemea ua akitazama kama anatazama mpira. Kwanza ukaja ubaridi mtamu. Halafu ukaja upepo. Gata ikang'oka upande mmoja, ikabaki inapiga ukuta. Beseni jekundu likaruka ua, likaenda kutua kwenye zizi la mbuzi. Turubai la mama lishe lilipita barabarani likifuatwa na mama lishe mwenyewe. Vumbi likatanda, hatuonani. Kisha kimya. Tone moja likaanguka kwenye pipa, likalia ti! Hakukuwa na la pili.

Sayansi ya tukio hilo naijua, na siku hiyo haikunisaidia chochote. Mwanzoni mwa msimu hewa ya chini bado ni kavu mno. Matone yanatoka winguni, yanakauka kabla hayajagusa ardhi, na hewa iliyopozwa kwa kuyakausha inakuwa nzito, inaporomoka, na ikifika chini inatawanyika kwa kasi. Unapewa upepo wa mvua bila mvua. Nilimweleza jirani hayo yote tukiwa tunalitoa beseni miguuni mwa mbuzi. Akaniambia, "Pole, mwalimu," kwa sauti ambayo watu huitumia msibani.

Nikajipa moyo kwamba hata wakubwa hayo yamewakuta. Aprili 2021, Dar es Salaam nzima ilikaa macho ikikisubiri kimbunga Jobo, nacho kikaishiwa nguvu kabla ya kufika. Ila wao walishukuru. Mimi nilikuwa na pipa lenye tone moja.

Kulikuwa pia na suala la alizeti. Wengi huku hupanda udongoni pakiwa bado pakavu, ili mvua ya kwanza ikute mbegu zimeshatangulia. Nami nilipanda. Singida ina sifa ya alizeti na ina sifa ya kuku wa kienyeji, na hakuna aliyewahi kunionya kwamba sifa hizo mbili zinaishi ua mmoja. Kuku wa jirani walifuata mstari wangu shimo kwa shimo, wananyoosha kuliko nilivyonyoosha mimi, na kila shimo wakalifukua kwa adabu. Mvua ikichelewa, kuku hawachelewi.

Ilipofika Desemba bado ni vumbi, mzaha ukapungua. Huku kwetu mvua ikikawia, watu huanza kuulizana ni nani kaifunga. Sasa fikiria mtu mzima anayetembea na mwavuli juani, kila jioni anatazama juu, midomo inachezacheza kwa kuhesabu sekunde. Bibi mmoja ninayemheshimu sana alinisimamisha njiani. "Mwanangu, mwalimu," akasema taratibu, "kama kuna kitu umekifunga huko juu, kifungue. Hatutakuuliza ulikifunga kwa nini." Nikamwapia, "Bibi, mimi naitaka kuliko ninyi." Akatikisa kichwa. "Ndivyo wanavyosema wote."

Wiki hiyo hiyo kulikuwa na sendofu ya binti wa jirani. Mwenyekiti wa kamati akanifuata: turubai zikodiwe ngapi? Nikamjibu kama redio ilivyosema, kwamba kuna mvua na ngurumo katika maeneo machache. Uso wake ukachanua. Misigiri haijawahi kuwa maeneo machache, akasema, na fedha ya turubai ikahamia kwenye soda.

Saa kumi na moja jioni, mshereheshaji akiwa anaomba makofi kwa ajili ya keki, maikrofoni ikanyamaza, umeme umekatika. Nikageuka. Wingu lilikuwa limeshasimama nyuma ya nyumba kama baba mkwe aliyefika bila taarifa. Ukapiga umeme wa kwanza. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne… sita. Kilomita mbili! Ninakiri kwamba nilipiga makofi, na nilikuwa peke yangu.

Mvua ikaanguka yote kwa mkupuo. Viti vya plastiki vikaelea, pilau ikageuka uji, watu wakakimbilia nyumbani kwa wenye sherehe. Na mlangoni amesimama yule bibi. Kwa imani ya wengi, nguo nyekundu huita radi. Bahati mbaya sare ya kamati ilikuwa kitenge chekundu, kuanzia mwenyekiti hadi mtunza hazina. "Wenye nyekundu hamwingii humu na radi zenu," bibi akatangaza. Kamati nzima ikapangwa barazani chini ya ukingo wa bati, inarushiwa maji usoni. Shabiki mmoja wa Simba, aliyekuja na jezi, akajaribu kupenya. Ndani, shabiki wa Yanga akamshauri kwa sauti aivue, avae rangi salama. Hata kioo cha kabati kilikuwa kimeshafunikwa khanga, kwa imani hiyo hiyo.

Nikajaribu kumweleza bibi kwamba radi haichagui rangi, inafuata kilichorefuka: mti uliosimama peke yake, nguzo, au mtu katikati ya shamba tupu. Akanijibu, "Wewe ndiye uliyeileta, utaacha kuitetea?"

Hivyo ndivyo mtu mmoja alivyoshtakiwa, wiki moja hiyo hiyo, kwa kuifunga mvua na kwa kuifungulia. Mwenyekiti hadi leo anasema nilimdanganya. Utabiri ulikuwa sahihi, ila siku hiyo maeneo machache yalikuwa sisi.

Mapenzi yetu haya, hata hivyo, yana mpaka, na mpaka huo tunauona kwa macho. Siku za anga safi mlima Hanang unaonekana kutoka sehemu nyingi za mkoa wetu. Desemba 3, 2023, mvua kubwa iliporomosha tope na mawe kutoka mlimani humo hadi Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Tangu hapo, tangazo la tahadhari likitoka redioni, barazani petu hakuna anayecheka. Na kwa radi, ile hesabu ya sekunde haikuwekwa kwa ajili ya burudani tu. Ukihesabu ukashindwa kufika thelathini kabla ya ngurumo, ingia ndani ya nyumba, usikimbilie chini ya mti, na usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Asubuhi baada ya sendofu, watu walikuwa wamejaa mashambani, na nusu yao walipitia kwangu kwanza. Walikuja kuangalia kopo langu la kupimia mvua. Kwa hiyo nawe mkulima unayesoma haya, achana na magoti, siafu na walimu wa jiografia. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke uwanjani mbali na bati na miti, na mvua ikikatika tumbukiza rula. Kina cha maji kwa milimita ndiyo mvua uliyoipata wewe, siyo Shelui, siyo Iguguno. Zikifika ishirini hivi ndani ya siku chache, panda. Zikiwa chini ya hapo, subiri, maana kuku wa jirani nao wanasubiri.